Ukishamkalia: kabali ya msalaba au Ezekieli?

Uko kwenye pambano la jiu-jitsu ya Kibrazili. Umeshapita miguu ya mpinzani, umemkalia, magoti yako yako mkekani pande zote mbili za mbavu zake. Sekunde 3 zimepita, mwamuzi ameinua vidole vinne, alama nne ni zako. Hapo ndipo wengi wa mkanda mweupe wanapoganda. Wanambana aliye chini kama mtu aliyekalia sanduku la nguo lisilotaka kufunga, wanangoja dakika 5 za pambano ziishe. Wakitoka mkekani wanakuja na swali lilelile: "Kocha, pale juu ningemkabaje?"

Kwa mtu aliyevaa gi, lile vazi la koti na mkanda, nina majibu mawili ninayoyaamini. La kwanza ni kabali ya msalaba: mikono yako inapishana chini ya kidevu chake na kila mmoja umeshika kola. Wanajudo huiita juji jime. La pili ni Ezekieli: unashika mkono wa gi yako mwenyewe ukageuza mikono yako miwili kuwa kitanzi shingoni mwake. Kwenye judo jina lake ni sode guruma jime. Zote mbili unazipiga ukiwa maunti, yaani umemkalia hivyo, zote zinamaliza kazi, lakini hazimfai mtu yuleyule wala hazifai saa ileile. Niseme mapema ninakoegemea: kama una miezi sita ya kuipa kabali moja tu, ipe ya msalaba. Ezekieli inaweza kuwa rahisi zaidi kuimaliza, hasa kwa anayeanza. Kinachonifanya niegemee msalaba ni mkono wa kwanza, na huo nitaueleza kwa kirefu.

Kabla ya hapo, neno kabali lenyewe. Mtaani, roba au ngeta ni kumbana mtu koromeo mpaka akose pumzi, ndiyo maana wageni wengi wakisikia "kaba" wanasukuma ngumi moja kwa moja kooni. Tunachokitafuta mkekani ni mishipa miwili mikubwa inayopandisha damu kichwani, mmoja kila upande wa shingo. Ukiibana yote miwili sawasawa, mtu anazimia katika sekunde 10 hivi, mara nyingi bila hata kukohoa. Ukibana koromeo anaumia, anakohoa, anapigana kwa hofu, na akiwa mgumu atastahimili muda mrefu huku wewe ukimharibu koo. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza kwa kabali yoyote ni urahisi wake wa kufika pembeni mwa shingo.

Mkono wa kwanza

Tuseme mkono wako wa kulia ndio unaotangulia. Kola unayoitaka ni ya kulia kwake, ile iliyo upande wa kushoto kwako. Mkono wako wa kushoto unaishika kola hiyohiyo chini, karibu na kifua, unaivuta iachane na mwili ili kuwe na mfuko. Vidole vinne vya mkono wa kulia vinaingia ndani ya mfuko huo, kiganja kikiangalia juu, kidole gumba kikibaki nje, na vinapanda kuelekea nyuma ya shingo mpaka karibu na pale lebo ya gi iliposhonwa. Mwanafunzi akiniambia ameshika ndani kabisa, namwuliza ncha za vidole vyake zinagusa nini. Akisema ziko chini ya sikio, bado hajafika.

Huko hakufikiki kwa mkupuo mmoja. Unaingia hadi kwenye mtulinga, unatulia, unamlalia. Yeye akigeuza kichwa au akisukuma nyonga yako, unapanda sentimita mbili tatu, unatulia tena. Mwenye pupa huchomoa mkono ili auingize upya kwa nguvu, na kila anapouchomoa anamfundisha mwenzake mahali pa kuweka mikono ya kujilinda.

Sasa tazama mkono huo mmoja umeshakupa nini kabla ya wa pili kufika. Umekuwa mpini. Ukiuvuta, kichwa chake kinanyanyuka mkekani, na mtu ambaye kisogo chake kinaelea hawezi kupiga upa yenye nguvu, maana upa ni daraja, kuinua nyonga kwa ghafla ili akupindue, na daraja linataka nguzo. Tena umemlazimisha achague. Akiupuuza, unapeleka mkono wa pili. Akiushambulia kwa mikono yake yote miwili, viwiko vyake vinaachana na mbavu, nawe unapandisha magoti hadi kwapani kwake, unageuka na kuchukua kufuli ya kiwiko, juji gatame. Akiona vyote hivyo vibaya akageuka ubavu kuelekea upande wa kola uliyoishika, kigasha chako kimeshalala mbele ya koo lake na unahamia mgongoni bila kuanza upya. Sijui mshiko mwingine wowote wa maunti unaozaa vitu vitatu namna hii ukiwa bado hujakaba mtu.

Gharama ipo, na lazima uijue. Mkono ulio ndani ya kola hauwezi tena kukuwekea tegemeo. Mtu mwerevu atakumbatia mkono wako wa kulia, atafunga mguu wako wa kulia kwa mguu wake wa kushoto, kisha atapiga upa kuelekea hukohuko ulikokosa nguzo. Dawa yake ni paji la uso mkekani upande huo, goti la kulia litanuke kidogo, na mkono wa kushoto ubaki huru mpaka wimbi lipite. Wanafunzi wangu hawapeleki mkono wa pili kabla hawajapigiwa upa mbili tatu na kubaki juu wakiwa na mkono wa kwanza peke yake. Wengine wanaona nawachelewesha. Lakini kabali nyingi za msalaba zinazovunjika nimeziona zikivunjika hapa: mikono yote miwili iko kwenye kola, mizani hamna, na aliyekuwa juu anajikuta chali, mwenzake akiwa ndani ya gadi yake, yaani kati ya miguu yake.

Mkono wa pili, na ubishi wa kidole gumba

Msalaba si kabali moja. Wajapani wanazitaja tatu kufuatana na jinsi viganja vilivyokaa. Vidole vinne vya mikono yote miwili vikiwa ndani, ni gyaku juji. Mkono mmoja vidole vinne ndani na mwingine kidole gumba ndani, ni kata juji. Gumba zote mbili ndani, ni nami juji. Hii ya mwisho nitaipita haraka: kutoka maunti mikono huwa haifiki mbali nyuma ya shingo, na siioni ikimaliza watu wanaojua kujilinda.

Gyaku ni nzuri sana ikishakaa. Mkono wa pili unapita chini ya ule wa kwanza, kiganja juu, na ukizungusha vifundo vya mikono, mifupa ya vigasha inaingia pembeni mwa shingo kama koleo. Tatizo liko kwenye njia ya kufika. Ili mkono upite chini ya mwenzake unahitaji nafasi, na nafasi unaipata kwa kunyanyua kifua. Ukinyanyua kifua, anapata pumzi, viwiko vyake vinajipenyeza, na kazi yote ya kumlalia inarudi mwanzo. Ndani ya gadi, wewe ukiwa chini na yeye ananing'inia juu yako, nafasi hiyo ipo na gyaku inatiririka. Mwaka 1951 Hélio Gracie, mmoja wa waasisi wa jiu-jitsu ya Kibrazili, alimzimisha mwanajudo Yukio Kato kwa juji jime akiwa chini. Kutoka juu, hesabu inabadilika.

Ndiyo maana kwa maunti naifundisha kata. Mkono wa pili unapita juu ya ule wa kwanza, kidole gumba kinaingia kwenye kola ya upande wa pili karibu na shingo, kisha kiwiko kinapita mbele ya uso wake na kushuka mkekani. Uzuri wake ni kwamba mkono huu wa pili hauhitaji kuzama. Hata ukikamata kitambaa cha begani tu, mara nyingi inatosha, ilimradi wa kwanza umezama kwelikweli. Na kifua chako kinabaki chini muda wote.

Kumaliza ni kulekule kwa zote. Viwiko vinarudi mbavuni kwako, kifua kinashuka, kichwa chako kinakwenda mkekani juu ya kichwa chake upande wa mkono wa kwanza, na unavuta kama unayetaka kumkumbatia. Ukijiona umetanua viwiko, mabega yamepanda masikioni na ngumi zinasukuma koo, acha. Hapo umerudi kwenye roba ya mtaani. Atagonga, yaani atakubali kushindwa, kwa maumivu kama ni mgeni, na kama si mgeni atakutazama tu mpaka vidole vyako vichoke.

Anayetaka kuona kabali hii imefika wapi duniani amtazame bingwa Roger Gracie kwenye mashindano ya dunia ya jiu-jitsu ya mwaka 2009. Alishinda uzito wake na lile daraja la wazi lisilo na uzito, mapambano tisa, na wote tisa aliwamaliza kwa kabali ya msalaba kutoka maunti. Hawa walikuwa mikanda nyeusi. Walijua kinachokuja, kwa sababu alikuwa akiifanya miaka na miaka, na bado hawakuizuia. Kuna wanaosema ni urefu wake, sentimita 193, mikono mirefu kama makasia. Urefu unasaidia, sikatai. Ila ukitazama kwa makini utaona zaidi ni subira: mkono wa kwanza unaingia, halafu hafanyi lolote la haraka, anakaa, anawaacha wahangaike, na kila wanapohangaika anapanda kidogo. Hicho mtu mfupi anaweza kukijifunza.

Ezekieli

Jina limetokana na Ezequiel Paraguassú, mwanajudo wa Brazili aliyekwenda Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Alipokuwa akijinoa mchezo wa chini alifanya mazoezi na watu wa jiu-jitsu jijini Rio de Janeiro, na kila walipomfunga ndani ya gadi aliwakaba kwa mkono wa gi yake. Kabali ilikuwepo kwenye judo zamani, lakini Wabrazili wakaipa jina la mtu aliyewasumbua nayo.

Kutoka maunti inakwenda hivi. Shuka chini, kifua kwa kifua, na mkono wako wa kushoto uzunguke chini ya shingo yake kama mto. Vidole vinne vya mkono huo viingie ndani ya mkono wa gi yako wa kulia, kwenye tundu la kifundo. Sasa mkono wa kulia unapita mbele ya koo lake, ukingo wa kiganja ukitangulia, hadi ufike upande wa pili wa shingo. Mkono wa kushoto unavuta, wa kulia unasukuma na kunyooka, na shingo iko katikati. Wengine hukunja ngumi badala ya kunyoosha kiganja. Kiganja kilichonyooka hupenya vizuri chini ya kidevu, na ukishapenya unaweza kukunja.

Hapa ndipo Ezekieli inapoishinda ya msalaba waziwazi: kwa mtu anayekukumbatia. Nusu ya watu wanaokaliwa hufanya hivyo, hasa wakiogopa. Wanakufunga mgongoni kwa mikono miwili, wanabana kichwa kifuani mwako, na wanajiona salama. Kwa kabali ya msalaba mtu huyo ni mzigo, kwa sababu kola yake iko katikati ya vifua viwili vilivyogandana na huna pa kuingizia vidole. Kwa Ezekieli amekufanyia nusu ya kazi. Shingo yake imeshakaa kwenye mkono wako wa kushoto, mikono yake iko mgongoni kwako badala ya kulinda koo, na huhitaji kushika kitu chochote chake. Unashika cha kwako.

Na ni kabali ya siri. Kwenye msalaba, mkono wa kwanza ukiingia kila mtu amejua. Kwenye Ezekieli unaonekana mtu anayemlalia mwenzake tu, na mikono inashikana nyuma ya kichwa chake asipoona.

Lakini inapungukiwa mahali pawili. Kwanza, kwenye mikono ya wengi inakuwa kabali ya koromeo. Ule mkono wa mbele unatua katikati ya koo, unasukuma, mtu anagonga kwa uchungu, na aliyekaba anaondoka akidhani ameshajua. Ili ifike kwenye mishipa, mkono wa mbele lazima uvuke upande wa pili kabla ya kusukuma, na wachache wanaovumilia hadi hapo. Kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Kibrazili, haziwaruhusu watoto wa miaka 4 hadi 12 kuitumia, na naona ni sawa kabisa. Ukiwa na mwenzako wa mazoezi mwenye shingo ndogo, msukume polepole umpe nafasi ya kugonga.

Pili, mikono yako yote miwili imejifunga kwenye kichwa chake. Kwa sekunde zile za kumaliza huna mkono wa kutegemea, na mtu mwenye nyonga kali akiotea wakati huo huo kupiga upa, mnaviringika. Ninachofanya mimi ni kunasa miguu yake kwa miguu yangu kutoka ndani kabla ya kushika mkono wa gi, na kichwa changu kinashuka mkekani upande wa mkono unaosukuma.

Ukishindwa, unabaki wapi?

Swali hili huwa halipewi uzito kwenye mafundisho ya video, nami naliona ndilo la kuamulia. Kabali nyingi hazifaulu. Hata mjuzi hushindwa mara nyingi kuliko anavyoshinda akiwa na mtu wa kiwango chake. Basi inafaa kujua unaposhindwa umebaki na nini.

Ukishindwa Ezekieli mapema, umebaki vizuri. Unaachia mkono wa gi, mkono wa kushoto bado uko chini ya shingo yake, bado umemlalia, maunti iko palepale. Unaweza kujaribu mara tatu katika raundi moja bila kupoteza kitu. Ukishindwa ukiwa umeshasukuma kwa nguvu zote, mara nyingi kigasha kimechoka na umegeuzwa.

Ukishindwa msalaba baada ya mkono wa kwanza, hujashindwa. Una mpini, una kufuli ya kiwiko, una mgongo. Ukishindwa baada ya mkono wa pili, hali ni mbaya kuliko Ezekieli: vidole vimekauka, kola imelowa, na lazima utoe mkono mmoja kwa mpangilio huku mwenzako akijua kwamba sasa ndiyo saa ya kupiga upa. Kwa maneno mengine, msalaba ni nafuu mwanzoni na ghali mwishoni. Ezekieli haikupi chochote mwanzoni isipokuwa siri yake.

Hapo ndipo uamuzi wangu ulipotoka. Mtu anayejifunza anatumia muda mwingi zaidi kwenye nusu ya mwanzo ya kabali kuliko kwenye kumaliza, na ni heri nusu hiyo imfundishe kitu. Nilipokuwa mkanda wa bluu nilikuwa na Ezekieli nzuri, na mwaka mzima niliwamaliza mikanda nyeupe wanaokumbatia. Siku nilizokutana na watu wanaokaa viwiko mbavuni, mikono kifuani, wametulia, nilibaki nimewakalia kama mzigo wa gunia. Sikuwa na njia ya kuwafanya wanyanyue mikono. Mkono wa kwanza wa msalaba ndio ulionipa njia hiyo, na cha ajabu, ndio ulioifufua Ezekieli yangu, kwa sababu watu waliochoka kulinda kola hatimaye hukumbatia.

Mwili wako, gi yako, na siku zisizo na gi

Mikono mifupi si kikwazo kwa msalaba kama inavyosemwa. Mwenye mikono mifupi apandishe maunti juu, magoti karibu na makwapa, na ageuze kiwiliwili kidogo kuelekea kola anayoitaka, bega litangulie. Mwenye mikono mifupi na minene, kwa kweli, Ezekieli yake inaweza kuwa kali kuliko ya mrefu, maana kigasha kinene hujaza nafasi yote. Mrefu mwembamba hupata shida ya kukunja mikono yake kwenye nafasi ndogo ile. Mpinzani mwenye shingo nene iliyozama mabegani ananipeleka kwenye msalaba, kwa kuwa kola inazunguka shingo yoyote, ilhali mkono wa mbele wa Ezekieli unatafuta upenyo ambao haupo.

Vidole navyo vina maoni yao. Msalaba unakula vifundo vya vidole. Kwenye joto la Dar es Salaam, raundi ya tatu gi imelowa kabisa na kola inateleza kama samaki, na ukiishikilia kwa ngumi iliyokazwa muda wote utaamka kesho yake vidole havikunji. Shika kwa ndoano, vidole vimepinda tu, na ukaze sekunde za mwisho. Ezekieli inawaonea huruma wenye vidole vya zamani vilivyovimba. Angalia tu mkono wa gi yako: IBJJF wanataka uachie nafasi ya sentimita 7 ukinyoosha mkono, kwa hiyo kwenye mashindano vidole vitaingia, lakini gi iliyofuliwa ikarudi, mkono ukiishia katikati ya kigasha, haitakusaidia. Na uingize vidole kwenye mkono wa gi yako mwenyewe tu. Kuviingiza ndani ya mkono wa gi ya mwenzako ni kosa.

Bila gi, msalaba umekwisha. Ezekieli inaendelea, ngumi au kifundo cha mkono kikichukua nafasi ya kitambaa. Mpiganaji Aleksei Oleinik alimmaliza Viktor Pešta kwa Ezekieli kwenye UFC, mashindano ya ngumi na mieleka mchanganyiko (MMA), Januari 2017, na jambo la kutazama ni kwamba Oleinik ndiye aliyekuwa amekaliwa. Pešta alikuwa juu, maunti, na akakabwa na aliye chini. Mwaka uliofuata Oleinik alimfanyia Junior Albini pia. Kwa hiyo kama darasa lenu lina siku nyingi zisizo na gi kuliko zenye gi, au unaelekea MMA, ushauri wangu unageuka: anza na Ezekieli. Na ukiwa juu na kichwa chako kimelala karibu na cha mwenzako, jua mikono yake iko wapi.

Basi uchague ipi

Tazama mikono yake. Ikiwa kifuani, viwiko vimebana, kola inaonekana: msalaba, mkono wa kwanza, polepole. Ikiwa mgongoni kwako imekukumbatia: Ezekieli, sasa hivi, kabla hajabadili mawazo. Ikiwa inasukuma nyonga au magoti yako ili atoroke kwa kiwiko, usikabe kabisa. Rudisha maunti yako kwanza, maana anayekaba huku anatolewa chini hupoteza vyote viwili. Ikiwa mkono mmoja umeinuka kama anayesikiliza simu, kiganja sikioni, amejifunza kuzuia kola, na hapo mimi humpeleka kwenye kufuli ya kiwiko cha mkono huohuo.

Kwa siku zako za mazoezi, omba mwenzako mkubaliane raundi za dakika 3 mkianzia maunti. Ya kwanza, wewe una ruhusa ya mkono wa kwanza tu, bila kukaba, na kazi yako ni kubaki juu huku unapanda kuelekea lebo. Ya pili, yeye lazima akukumbatie, nawe utafute mkono wa gi yako. Ya tatu ni huru. Mbadilishane.

Tena mkubaliane jinsi ya kugonga kabla ya kuanza, kwa mkono mwilini mwa mwenzako, na kwa sauti kama mikono imenaswa. Nilimkaba mwenzangu mmoja kwa msalaba nikiwa naangalia mkeka, kichwa chini kama nilivyoeleza hapo juu. Mikono yake ililegea nikadhani amekata tamaa, kumbe amezimia. Nilimwachia, nikamlaza, tukainua miguu yake, akafumbua macho muda mfupi baadaye akiuliza raundi imeanza lini. Hakurudi mkekani siku ile, na ndivyo inavyotakiwa. Tangu hapo, nikifika kwenye sekunde za mwisho, sikio langu liko kwenye pumzi yake na mbavu zangu zinasikiliza mikono yake. Ikinyamaza tu, naachia kabla ya kuuliza.